Mwarobaini Katika Magunia ya Samaki

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyeshuka kwenye basi dogo la kutoka Mansa, anakosoma, asubuhi ile ile kwa likizo, mdogo wetu wa mwisho, mama mkubwa, ambaye hakuzaliwa tumbo moja na mama yetu lakini tunamwita hivyo na haki hiyo anayo, bamama, akina mama wa kambi yetu ya Mantapala, waliokuja kuona kazi yao ikipakiwa, komisyonere, yaani dalali, na manukato yake, dereva wa gari jeupe, na mnunuzi, mama wa Kizungu aliyevaa viatu vya kitambaa. Nawataja wote kwa sababu komisyonere alikuja kusema baadaye kwamba tulikuwa yeye na mimi tu, na kwamba mimi nilielewa vibaya. Hatukuwa wawili. Tulijaa uwanja, na kila mmoja wetu alinusa.

Yule komisyonere alinikuta wakati wa kiangazi kwenye meza yangu pale Nchelenge, karibu na mahali mitumbwi inaposhusha. Nauza chisense, samaki wadogo wa ziwa hili, wanaoanikwa juu ya mchanga mpaka wakauke kama vijiti vya kiberiti. Alisimama akichokonoa meno kwa ukucha wa kidole cha mwisho, ukucha aliouacha urefuke makusudi, halafu akautazama kuona umetoa nini. Baada ya hapo ndipo akanisalimia, na akaokota chisense wangu kwa ukucha huo huo na kuonja.

"Yaya," akasema. Yaya ni jina ambalo wadogo zangu wananiita kwa kuwa mimi ni mkubwa wao. Yeye hakuwa mdogo wangu. "Bazungu banatafuta majani ya nimu."

Nimu ndio mwarobaini. Iko mingi hapa, mizee, kando ya barabara na kwenye nyua za watu.

"Majani?"

"Majani. Ile unapitaka kila siku, unaachia mbuzi."

"Mbuzi haikulake ile."

"Bon. Bazungu batakula."

Alinieleza kwamba unga wa majani hayo unatiwa kwenye sabuni, kwenye dawa ya meno, kwenye mafuta ya kupaka uso. Kuna kampuni ya Ulaya inayonunua kwa jumla, na maji yake yaliyokamuliwa pia inanunua. Masharti yalikuwa haya: majani yakaushwe kivulini, yasiguse mchanga, yabaki kijani, yatwangwe laini, yatiwe katika magunia mapya. Magunia angeleta yeye. Malipo ni siku gari litakapopakia.

Sikumpenda hata kidogo. Nilikubali kwa sababu ya paa.

Lazima niseme habari ya paa. Tulipovuka kutoka Kongo na kupokelewa Mantapala, mama yetu hakumaliza mwaka. Baba alikuwa ametangulia kufa upande ule wa Kongo. Mama alimwacha mdogo wetu wa mwisho bado ananyonya, na mimi nilikuwa bado na daftari za shule mikononi. Mwanamke wa kiwanja cha jirani, aliyekuwa na mtoto wake mwenyewe kifuani, alikuja akamchukua yule wetu bila kuuliza mtu, akamweka kwenye titi la pili. Ndivyo alivyopata kuwa mama mkubwa. Mimi sikurudi darasani. Niliteremka ziwani kutafuta kazi ya kuanika samaki, na kila nilichopata niliwapelekea. Miaka yote hiyo mama mkubwa amelala chini ya plastiki ile ile tuliyopewa sote siku za mwanzo. Ameishona, ameibandika, ameipaka lami. Mvua ikinyesha anahamisha mkeka kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Alikuwa anataka malata, mabati, kitu kimoja tu hicho duniani, na hakuwahi kukificha.

Kwa hiyo nilikwenda kwake, na kazi ilifanyika kwake. Bamama wengine walichuma majani, nao niliwalipa palepale kwa chisense, kipimo kwa kipimo, kila mtu akaenda nyumbani na mboga yake. Mama mkubwa ndiye aliyekausha na kutwanga, kazi iliyo ndefu kuliko zote. Nilipompelekea samaki aliwarudisha.

"Miye usinilipe samaki. Utanilipa malata."

"Nitakulipa malata."

"Sema mbele ya bamama."

Nikasema mbele ya bamama kwamba malata ni juu yangu, si juu ya komisyonere. Wakapiga vigelegele, na mmoja akasema, "Sasa mama mukubwa atalala bila kuhamahama kama mukimbizi," tukacheka sana, maana wote pale tu wakimbizi.

Tulitandaza majani ndani ya nyumba yake mpaka pakakosa pa kukanyaga. Alilala katikati yake. Majani ya mwarobaini yakikauka hayana ubaya; ubaya unaanza kwenye kinu. Ule unga unapanda. Unaingia puani, unashuka kooni, unakaa nyuma ya ulimi, na hakuna maji yanayoutoa. Tulijifunga vitenge mdomoni, bado tulikuwa tunatema mate ya kijani. Ukilamba mdomo ni uchungu, ukishika kijiko kimekuwa kichungu. Mwenye chigayo, mashine ya kusaga mahindi, alituona tu na ndoo zetu akafunga mlango. "Mutanitilia batu sumu," akasema, na akaita mkewe aje ashuhudie kwamba hajatufungulia. Tukarudi kwenye kinu. Mama mkubwa alikisugua kinu hicho kwa majivu na mchanga kabla ya kutwangia sombe, na sombe ile, majani ya muhogo yenye mawese na karanga, tuliitema wote uwanjani, na kuku wakakimbilia na wao wakaiacha. Kila nilipotema nilimkumbuka yule mtu na ukucha wake.

Magunia mapya hayakuja. Nilimpigia simu.

"Gunia ni gunia, yaya. Wewe hauna gunia?"

Ninayo. Mwuza chisense hana mali nyingine zaidi ya magunia. Huku gunia halitupwi. Linabeba samaki mpaka lichanike, linashonwa, linabeba tena. Nilichagua yaliyo mazima. Niliyaloweka, nikayafua kwa sabuni ya unga, nikayasuuza ziwani, nikayageuza ndani nje nikayafua tena, nikayaanika mchangani kwa jua kali mpaka yakawa makavu kama ubao. Nikatia kichwa ndani ya kila moja. Sabuni. Mama mkubwa naye akatia kichwa.

"Sabuni tupu," akasema. "Ningekuwa na shuka inanukia hivi."

Tukayajaza, tukayashona mdomo.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Gari jeupe liliingia, mnunuzi akashuka, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Alikuwa na heshima, hilo nitalisema kila mahali. Komisyonere alitembea mbele yake akionyesha magunia kama mtu aliyeyazaa. Mnunuzi akaomba moja lifunguliwe. Akaingiza mkono, akatoa unga kidogo kiganjani, akautazama rangi, akaitikia kwa kichwa kwamba rangi ni nzuri. Halafu akaupeleka puani.

Uso wake ulifanya kama wa mtu aliyefunua sufuria iliyosahauliwa. Ilikuwa mara moja tu, akaurudisha haraka. Lakini niliuona. Akasema maneno kwa dereva, dereva akatuambia kwa Kibemba, mimi nikawawekea bamama Kiswahili.

"Anasema inanuka samaki."

Kisha mama mmoja akashindwa kujizuia.

"Samaki gani? Majani iko na mapezi?"

"Labda ilivuliwa ziwani kule Chienge!" mwingine akadakia.

Kicheko kikapita uwanja mzima. Mnunuzi hakukasirika. Alisogeza gunia akatuomba tunuse wenyewe, yeyote anayetaka. Tukapanga mstari kama wa kupokea msaada. Aliyenusa wa kwanza akasema nimu. Wa pili akasema nimu. Mama mkubwa akazamisha pua, akatoka na unga kwenye nyusi, akasema, "Nimu na sabuni." Mimi nilivuta pumzi mpaka mwisho wa kifua. Sikupata samaki. Nasema kweli, hata leo nikikumbuka sipati samaki.

Akafika mdogo wangu, aliyetoka Mansa. Aliinama, akainuka upesi. Akanitazama mimi, hakumtazama mnunuzi.

"Sisikii kintu, yaya," akasema, na akateremsha macho.

Hapo ndipo nilipojua.

Komisyonere naye alikuwa anasema na mnunuzi, kwa Kiingereza, akitunyooshea kidole bila kutugeukia. Mnunuzi alikunja uso. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye aibu, akasita, nikamwambia, "Tafadhali, tafsiri." Akatafsiri bila kutia sukari:

"Anasema aliwaambia magunia mapya mkakataa. Anasema ninyi mnalala na samaki."

Hakuna aliyecheka. Bamama walimtazama komisyonere, na yeye akatoa simu akaitazama kama kioo.

Mnunuzi alieleza kwamba hawezi kuuchukua unga ule. Watu wanaupaka usoni, wanautia mdomoni. Alisema kazi ya kukausha ilikuwa nzuri, pole sana, labda msimu mwingine, na magunia yawe mapya. Akatupa mkono tena mmoja mmoja. Alipokwisha ingia garini nilimwona kupitia kioo akitoa kitambaa chenye maji na kujifuta vidole, kimoja kimoja, hata katikati ya vidole. Simlaumu. Nani angependa uso wake unuke chisense? Lakini chakula changu cha jioni ile nilikisukuma.

Wengine walipotawanyika niliingia ndani na mdogo wangu.

"Ulisikia."

"Nilisikia."

"Tangu lini?"

Alikuwa anakunja nguo zake, akazifungua, akazikunja tena.

"Kila nikishuka kwa basi, yaya. Shuka, mito, wewe. Ni siku ya kwanza tu. Kesho yake inaisha, siisikii tena."

"Na kule shuleni?"

"Nikifungua sanduku, banafungua dirisha."

Hakusema kwa kulalamika. Na sanduku hilo ni mimi niliyelinunua, na kila kilicho ndani yake kimetoka kwenye chisense. Nilinusa mikono yangu, mbele na nyuma. Hakuna kitu. Mikono ya mtu tu. Tangu siku ile nimekuwa nikiichukia mikono hii kwa harufu nisiyoweza kuisikia, na ni vibaya kuchukia kitu unachofanyia kazi kila siku.

Magunia yalibaki ndani kwa mama mkubwa. Kisha mvua za kwanza zikaja, mapema, na plastiki ikafanya kama ilivyofanya kila mwaka. Yeye aliweza kuhamisha mkeka. Magunia ni mazito. Nilipopanda Mantapala kuyaona, unga wa juu ulikuwa umeganda kama matope. Nilipovunja ganda, ndani palikuwa na ukungu mweupe wenye manyoya, na joto likatoka kama pumzi ya mgonjwa. Sasa hata mimi nilisikia harufu.

Komisyonere alinikuta hapo hapo. Alikuja kwa pikipiki, na manukato yake yakaingia kabla yake.

"Yaya, usilie. Bazungu si kununua unga tu, bananunua pia maji yake? Sisi tutachemsha. Tunatia ndani ya chupa, tunauzisha."

"Tunauzia nani? Yule mama ameshaenda."

"Muzungu gani tena? Batu ya hapa. Kambi yote iko na homa. Homa, tumbo, sukari, ngozi, yote nimu inaponyesha. Batu banajua."

"Iko na ukungu. Angalia."

Akaangalia kwa mbali. "Ukungu inaiva."

"Na batoto?"

"Batoto nusu kikombe," akasema, akatabasamu, na nikaona kile kitu alichokuwa anakichokonoa kati ya meno bado kipo.

Chupa alikuwa nazo tayari, gunia zima nyuma ya pikipiki, chupa za maji zilizookotwa, nyingine bado zina matope chini. Alikuwa na malata pia. Yaani yalikuwa yamelala kwa rafiki yake pale Nchelenge, mapya, alisema, yanang'aa, na siku tutakayoanza kuchemsha yatapanda Mantapala. Alilisema hilo la malata akimgeukia mama mkubwa, ambaye alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharagwe.

Nilimtazama mama mkubwa. Yeye hakunitazama.

"Miye nataka malata," akasema kwenye sinia yake. "Usiniambie ilitoka wapi."

Nimelala na sentensi hiyo mara nyingi. Sikumwona mbaya. Mtu aliyehamisha mkeka miaka yote hiyo, na mtoto wa watu mgongoni, ana haki ya kusema hivyo. Lakini mdogo wetu wa mwisho alikuwa anacheza pale pale nje na watoto wa kambi, na mimi niliona hao ndio wenye nusu kikombe. Kile ambacho Mzungu alikataa kujipaka usoni kikiwa kizuri, ndicho wao wangekunywa kikiwa kimeoza.

"Hapana," nikasema.

"Yaya, wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale mama alikufia."

"Njo maana."

Nilikamata gunia la kwanza kwa masikio nikaliburuta nje, mpaka kwenye shimo la zamani nyuma ya choo. Nikalichana kwa kisu, likamwagika. Manyoya meupe yakaruka hewani yakanishika kooni, nikatapika palepale, nikajifuta, nikarudi kuchukua la pili. Komisyonere alikuwa amefunika pua kwa leso. Ndiyo, leso, mtu aliyetaka kuwanywesha watoto alifunika pua yake. Chini ya magunia mawili matatu nilikuta unga mkavu bado, na huo niliwapa bamama wa kutia kwenye maharagwe ya akiba, maana fukusi hawaupendi. Mengine yote yalikwenda shimoni, na magunia yangu juu yake.

"Deni ni yako," komisyonere akasema akiwasha pikipiki. "Miye sikuahidi mutu."

Hapo tu ndipo aliposema kweli.

Baada ya siku chache akawa anaeleza sokoni kwamba hakukuwa na mnunuzi wala makubaliano, mwanamke mmoja tu wa chisense aliyeelewa vibaya. Lakini lililoniuma lilitoka kwa mama mkubwa. Nilipomletea samaki juma lile aliwapokea mlangoni, hakunikaribisha kiti.

"Ulitupa malata yangu ndani ya choo," akasema.

Nikakubali kwamba ndivyo ilivyoonekana kutoka mahali alipokaa.

Nyasi za kuezekea hukatwa kiangazi, na wakati ule nyingi zilikuwa zimeshaungua. Za paa la mama mkubwa nilizipata mbali, kwenye bonde la majimaji ambako moto haukupita. Niliingia mpaka kiunoni na mundu. Maji yalikuwa ya kahawia, yenye utelezi juu kama makamasi, na ruba walinishika mapajani. Nilikuwa nawabandua kwa chumvi na kuwahesabia matusi. Nilifunga mafungu, nikayabeba kichwani, yakinichuruzikia shingoni. Mdogo wangu alinisaidia mpaka likizo ilipoisha. Alifua nguo zake usiku wa kuamkia safari, akaziosha tena asubuhi, akapanda basi na nyingine zikiwa bado mbichi.

Nyasi zilitosha upande mmoja wa nyumba, ule ulio juu ya mkeka. Nilipanda mwenyewe. Mama mkubwa alitoka kunitazama, mikono kiunoni.

"Kaza ile kamba. Unashona kama mutu anashona soksi."

"Nimekaza."

"Kaza. Hii nyasi inanuka."

"Inanuka nini?"

Akanusa hewani, akafikiri. "Sijue. Matope." Kisha akaanza kucheka kidogo kidogo, akijizuia. "Labda samaki. Ita yule muzungu atuambie."

Nilicheka juu kule mpaka mundu ukaniponyoka. Aliuokota, akanipa. Jioni ile alinitolea kiti, tukala bukari, ugali wa kwetu, na chisense, na kinu kilikuwa kimeanza kupoa uchungu.

Ilinyesha usiku. Asubuhi mkeka ulikuwa mkavu. Upande wa pili, ule wenye plastiki, sufuria tatu zilikuwa zimejaa maji.

"Hapa nimelala muzuri," mama mkubwa akasema akimwaga sufuria moja mlangoni. "Lakini hii si malata."

"Najua."

"Najua unajua. Minakukumbusha tu."

Nimenunua magunia mapya, ya samaki. Kila nikiona mtu anapita barabarani na malata kwenye baiskeli, yakigongana, nasimama kuyatazama mpaka yaishie. Upande ule wa nyumba bado ni plastiki.